Sahani ya Wifi

Kumi la mwanzo la Ramadhani lilikuwa halijaisha, na debe la mchele la Asila lilikuwa limeshaanza kulia kila akiingiza kopo. Mwaka jana debe lile lilimfikisha mpaka siku ya pili ya Sikukuu. Watu ndani ya chumba walikuwa wale wale: yeye, mama yake Bi Mwanakheir, na watoto wawili wa marehemu dada yake. Hakuna aliyeongezeka, hakuna aliyenenepa. Asila alilifunika debe, akalifunua tena, kama kwamba safari ya pili angekuta habari nyingine.

Kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya nyumba ya wageni huko Shangani, na mshahara haukubadilika tangu alipoanza. Kilichobadilika ni duka la Darwesh, pale pembeni ya kichochoro chao cha Mkunazini. Jana sukari ina bei hii, leo ina bei nyengine, na ukiuliza unapewa hotuba.

"Dola imepanda, Bi Asila," Darwesh alimwambia. "Na meli zinazunguka mbali siku hizi, kuna vita huko."

"Mchele nimekuelewa, unakuja na meli. Na nazi jee? Nazi imeangushwa Jambiani. Dola imepanda mnazi?"

Darwesh akacheka mpaka akashika mizani. "Nazi zinakimbilia mahotelini, bibi. Na gari ya kuzileta inakunywa mafuta, na mafuta yanakuja na meli."

Asila akalipa nazi moja badala ya mbili, akaondoka akiwa hajui alaumu hoteli, gari au meli. Alikuwa amezoea kujua wa kumlaumu. Kwa miaka sita wa kumlaumu alikuwa mmoja tu, Matar.

Huyo Matar alikuwa mumewe, alikaa naye miaka kumi na tisa. Bangili za dhahabu za Asila ndizo zilizouzwa kuezeka upya paa la nyumba ya akina Matar, nyumba ya ghorofa tatu vichochoro viwili kutoka hapo alipo sasa. Kisha siku moja akapewa na Matar karatasi mkononi, mwanamke ambaye hajawahi kukaa darasani hata siku moja. Alidhani ni risiti ya umeme. Aliifunga kwenye pindo la kanga, akapika, akafagia, akamwekea mume maji ya kuoga, mpaka jioni wifi yake Rahila alipoiona na kumsomea. Ilikuwa talaka. Mwezi wa pili yake mke mpya, Faiza, akaingizwa ndani, chini ya paa lile lile.

Asila akaapa kuwa hatokanyaga tena kizingiti kile. Lakini Rahila, dada wa Matar aliyekaa ghorofa ya juu, ndiye mtu pekee wa nyumba ile aliyemlilia. Kwa hivyo kila Ramadhani Asila humpelekea futari bila ya kuvunja kiapo. Husimama chini, hupiga makofi matatu, na kutoka dirisha la juu huteremka kikapu cha kamba, kile kile wanachonunulia mboga kwa wachuuzi. Hutia sahani iliyofunikwa kawa, kile kifuniko cha ukili, hutikisa kamba, na kikapu hupanda. Kesho yake sahani hushuka ikiwa na kitu cha kule juu, kwa sababu sahani ya futari hairudi tupu. Kuirudisha tupu ni kumwambia mwenzio kuwa umemchoka.

Mwaka huu basi, sahani ile ndiyo iliyokuwa ikimmaliza. Siku ya kwanza alipeleka majimbi ya nazi. Ikarudi na visheti. Akapeleka mbatata, ikarudi na mkate wa mchele. Kila ikishuka na kitu kizuri, lazima ipande na kitu kisichoaibisha. Siku ya tisa alimimina tui la kwanza lote kwenye muhogo wa sahani, na wa nyumbani akaupika kwa tui la pili, jeupe kama maji ya kufulia.

"Huyo wifi yako ana njaa kuliko sie?" aliuliza Bi Mwanakheir, ambaye ni Mtumbatu na hajui kuzunguka maneno.

"Rahila alinisomea karatasi, mama."

"Kakusomea karatasi moja. Miaka sita unamlipa muhogo!"

Asila akachukua sahani yake, akatoka. Chini ya lile dirisha alimkuta Bi Duni amekaa barazani akichambua mchele.

"Mashallah, Asila," alisema Bi Duni, "una moyo wewe. Mie nisingeweza. Mtu kanikalia nyumba yangu, halafu nimfuturishe kila siku?"

"Namfuturisha wifi yangu."

Kidole cha Bi Duni kikasita ndani ya ungo. "Rahila? Rahila si yuko Mombasa kwa mwanawe tangu Shaabani? Juu kahamia Faiza, anafuata upepo. Hukuambiwa?"

Hakuambiwa. Mtaa mzima ulikuwa ukiuma ulimi mbele yake kila habari za nyumba ile zikitajwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyewazoesha hivyo. Akapiga makofi kwa nguvu. "Nani huko juu?"

"Naam!"

"Naam nani?"

Kikapu hakikushuka. Badala yake zikasikika kandambili kwenye ngazi, na mlango mkubwa ukafunguka kidogo. Faiza alisimama nyuma ya mlango huo, mwembamba kuliko alivyokuwa kwenye hasira za Asila.

"Shikamoo, Bi Asila."

"Marahaba," mdomo ukajibu wenyewe, na Asila akauchukia mdomo wake. "Kumbe wewe ndiye unayenilia futari?"

"Siku ya kwanza nlipoiona nlilia," alisema Faiza. "Nlisema kanisamehe. Sasa ningeirudisha tupu?"

"Ungeniambia kuwa Rahila hayupo!"

"Nlidhani unajua! Nani asiyejua?" Faiza akateremsha sauti. "Bi Asila, mie sina kitu. Yule Matar anafuturu msikitini, kapu la sokoni analeta Ijumaa mpaka Ijumaa, na linazidi kuwa jepesi. Nazi za mkate wako nlikopa kwa Darwesh. Kila nkisikia makofi yako, najiuliza kesho ntatia nini."

Asila alikuwa na maneno ya miaka sita, yamepangwa. Aliyatafuta. Angelifurahi, siku zote alijua kuwa angelifurahi kusikia kuwa ndani ya nyumba ile hakuna kitu, lakini furaha haikuja, na kilichokuja hakukijua jina lake. Aliitazama sahani mkononi, muhogo unafuka moshi chini ya kawa, tui la watoto wa dada yake.

"Basi tuache," alisema.

"Tukiacha leo, huyo hapo barazani atasema tumegombana. Matar ataniuliza nimekufanya nini." Faiza akaiangalia sahani. "Lakini hii kawa... mtu haoni ndani."

Wakatazamana. Ilikuwa Faiza aliyecheka mwanzo, akaziba mdomo kwa ushungi.

"Tupu?" aliuliza Asila.

"Tupu. Ipande tupu, ishuke tupu. Na hiyo ya leo rudi nayo, Bi Asila, wakale watoto."

Kesho yake alasiri Asila alisimama chini ya dirisha, akapandisha sahani tupu chini ya kawa. Kikapu kikashuka baada ya muda. Bi Duni akaitikia kwa kichwa barazani, "Mashallah," naye Asila akaibeba sahani kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga mchuzi.

Nyumbani akaifunua. Imeoshwa, imepanguswa, haina hata punje. Ndivyo walivyopatana. Akabaki ameishika.

"Leo wametia nini?" aliuliza Bi Mwanakheir.

"Hawakutia kitu. Ndivyo tulivyopatana."

"Alhamdulillahi. Basi mbona umenuna?"

Asila akageukia jiko. Tui la kwanza lilikuwa kwenye bakuli, lote lao leo, zito. Akalimimina juu ya muhogo, akakoroga, na mpaka adhana ikaita alikuwa bado hajui kwa nini amenuna.