Mjomba Alisema Kwetu Hakuna Mbu

Kabla sijaumwa nilikuwa mtu wa kuswali alfajiri, namfunga mwanangu Zubeda mgongoni, naingia shambani. Nimesoma hadi kidato cha nne, nikaolewa Kibiti, lakini shamba la mpunga la mama liko bondeni, Rufiji, na mie ndiye mwenye nguvu za kulilima. Mpunga ukianza kuiva tunahamia kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya shamba, tunakaa huko wiki mbili, tatu, tunafukuza ndege na nguruwe. Msimu huo chandarua kilikuwa kimechanika, nikakiacha nyumbani. Zubeda nilimfunika kwa kanga. Mie mbu walinila. Wala sikujali, mbu kwetu ni kama vumbi.

Nimeanza na mbu makusudi. Mtaona.

Babu yangu mzaa mama alikuwa Mchina. Alikuja kuchimba mifereji ya mpunga, akaishi na bibi, wakapata watoto wawili, Mjomba Shabani na mama yangu. Mkataba ulipoisha akarudi kwao, basi. Mjomba ni mfanyabiashara wa korosho, mtu wa suti, na hamu yake ya maisha ilikuwa moja tu: aione nyumba ya baba yake. Ndugu wa huko wakapatikana kwa simu, wakasema njooni. Tukaondoka wanne: mjomba, mama, mie na Zubeda, miezi minane, bado ananyonya.

Baridi ilinianza ndani ya ndege. Meno yanagongana, viungo kama vimetwangwa.

"Mama, nina homa," nikasema.

Kwetu ukisema homa umesema malaria, hakuna anayekuuliza homa gani. Mama akaelewa. Mjomba naye akaelewa, ndiyo maana aligeuka haraka akaninong'oneza:

"Tukishuka kuna kamera inasoma joto la mwili. Wakikukamata wewe wametukamata wote. Meza panadol."

Nikameza. Nilipita mbele ya kamera nimelowa jasho, gauni limenata mgongoni, na kamera haikusema kitu. Mjomba akanipiga begani: "Umeona? Mwanamke wa Kirufiji wewe!" Na mie nikacheka. Kicheko kile hadi leo sijajisamehe.

Kisha kukawa na kimbunga. Ndege ya pili ikafutwa, tukakaa siku tatu kwenye hoteli karibu na uwanja, mji ambao hata jina lake sikulishika. Chumba kimoja, madirisha hayafunguki. Nilitapika kwenye beseni, kwenye taulo, kwenye nywele zangu mwenyewe. Nyongo ya njano, chungu. Nikajiharishia kitandani mtoto yuko kwenye titi. Nasema hivi kwa sababu watu wakisimulia maradhi yao hupenda kusema "niliumwa sana", wakaishia hapo. Kuumwa sana kuna harufu. Chumba kizima kilinuka harufu yangu.

Siku ya pili watu wa hoteli wakamwita daktari. Kijana mpole, anaongea kwa simu ya kutafsiri.

"Mgonjwa anatoka wapi?" simu ikauliza. "Kuna mbu?"

Mama akafungua mdomo. Mjomba akamkata:

"Tunatoka Dar es Salaam. Mjini. Kwetu hakuna mbu."

Kwetu hakuna mbu! Mtu wa Rufiji!

"Ana homa tu," akaiambia simu. Simu, ambayo haijawahi kulala bondeni, ikatafsiri joto la mwili. Daktari akanibandika kitambaa cha baridi kwenye paji la uso, akaacha dawa za mafua, akaondoka.

"Kaka, si ungemwambia malaria?" mama akasema taratibu.

"Nimwambie tumetoka vichakani? Miaka yote hii nawatafuta, leo nifike niwaletee maradhi? Watatuona wachafu. Atajikaza huyu."

Mama akanyamaza. Hilo nalo nalisema, na mama anajua nalisema.

Tulifika kijijini kwao babu siku ya nne. Macho yangu yalikuwa ya njano, mkojo mweusi kama kahawa. Maziwa yamekata, Zubeda anavuta titi tupu, analia, ananing'ata. Ukoo mzima ulikuwa umetuandalia meza ndefu. Mjomba akanishika kwapa nisimame kwenye picha.

"Tabasamu, Mwanahawa. Usitutie aibu."

Nikatapika. Juu ya meza, juu ya samaki wao mzima, juu ya suti ya mjomba. Lakini kilichonitia kinyaa si matapishi. Mjomba alichukua kanga mpya, zawadi tuliyowapelekea wenyeji, akaanza kufuta suti yake. Mie nimening'inia kwenye kiti kama nguo mbichi.

Hapo akaja bibi mmoja mfupi, ana mkongojo. Ni dada yake babu. Akanishika shingo, akanifunua kope. Nilikuwa natetemeka hadi miguu ya kiti inagonga sakafu. Akanitazama kama mtu anayenijua, kisha akasema kwa sauti:

"Homa!"

Nikadhani akili imeniruka. Akarudia, "Homa! Homa!" Akajikumbatia mabega akatetemeka kutuonyesha, akanyooshea kidole picha ya babu ukutani. Mpwa wake akaleta simu, simu ikatueleza: kaka yake aliporudi kutoka Afrika alikuwa akitetemeka hivyo chini ya mablanketi, na kila akitetemeka alitaja neno hilo. Hakuna Kiswahili kingine kilichobaki katika nyumba ile. Si jambo, si asante. Homa tu.

Bibi akamgeukia mjomba, na safari hii simu ilitafsiri sawasawa: "Huu ni ugonjwa wa mbu. Wewe ulikuwa hujui?"

Mjomba akaendelea kufuta suti.

Nikakimbizwa hospitali. Damu ikapimwa, na daktari, mama mtu mzima, akarudi karibu anakimbia. "Malaria kali. Figo zimeanza kuchoka. Kwa nini hamkusema mnatoka wapi?" Nikachomwa sindano za mshipa, nikaongezwa damu. Siku nyingine sizikumbuki. Namkumbuka mama akiinamia mfuko wa mkojo: "Leo chai, mwanangu. Jana ilikuwa kahawa." Zubeda walimpima mara mbili, hana kitu. Bibi ndiye aliyemlea, kwa uji wa mchele, kamfunga mgongoni kwa kanga ileile, imeshafuliwa.

Alhamdulillah, nipo. Maziwa yalirudi, kidogo kidogo. Bibi yule namwombea kila swala. Mama aliniomba radhi, nikampa. Na wewe unayesoma ukiwa na mtoto mgongoni, nakwambia bila kupamba: shona chandarua chako, hata kama ni cha kwenda nacho dunguni. Usimeze dawa ili kuidanganya mashine. Ukiwa ugenini usiseme homa, sema malaria, sema natoka Rufiji, na mbu wamenila. Anayeona aibu kwa niaba yako hatolala kaburini kwa niaba yako.

Mjomba aliporudi Kibiti aliwaambia watu nilipata mafua ya safari. Nilimwacha. Mwezi uliopita akanipigia simu.

"Mwanahawa, mwanangu, nina homa. Njoo unipeleke hospitali."

"Homa gani, mjomba?"

"Homa tu. Si unajua."

"Sijui. Kwetu hakuna mbu."

Nilisikia meno yake yanagongana. Baibui nilishalivaa aliposema tu hospitali, bodaboda ya jirani inanguruma mlangoni, lakini nilisubiri.

"Malaria," akasema.

"Haya. Nakuja."