Droo ya Mzee Amana

Dobi huyu watu walimwita Mzee Amana, na jina hilo alilitolea jasho. Kwa miaka ishirini na sita, kabla nguo haijaona maji, aligeuza mifuko yake yote nje. Alichokuta, iwe pete, ufunguo au barua ya mapenzi ya wizi, alikifunga kwenye karatasi, akaandika namba ya nguo, akakitia kwenye droo chini ya meza ya pasi. Mwenyewe akija, alipewa nguo yake na siri yake pamoja. Wapo waliojitia kusahau vitu makusudi ili wamjaribu, wakaondoka wameona haya.

Siku askari walipopekua safu ile ya maduka wakitafuta simu za wizi, yeye aliwafungulia droo kabla hajaombwa. Alikuwa anaringa, maskini. Kwenye karatasi yenye namba sabini na tatu wakakuta mfuko wa nailoni, na ndani yake vipakiti kumi na kimoja vya unga ambao yeye, alipoutoa mfukoni, aliudhania dawa ya tumbo.

"Mzee, hii droo ya nani?"

"Yangu."

"Na hiki ulijua kimo humu?"

Hapo ndipo alipojimaliza. Kwake yeye, dobi asiyejua kilichomo mifukoni mwa wateja si dobi, ni mharibifu wa nguo tu, na hakuwa tayari kuonekana hivyo mbele ya majirani.

"Kijana, humu hata kifungo hakinipotei," akasema. "Kila kitu nakijua. Hicho nimekiweka kwa mkono wangu mwenyewe."

Askari akayaandika hayo neno kwa neno, akampa atie sahihi. Akatia, tena kwa mwandiko wa kupendeza.

Alipotoka kwa dhamana, mke wake akampeleka kwa wakili mmoja mama wa makamo, mwenye ofisi iliyojaa mafaili mpaka kwenye kiti cha wageni. Wakili akasoma maelezo yale, akavua miwani.

"Mzee wangu, nani alikutuma useme?"

"Nilisema kweli. Kitu si changu, nilikuwa nakitunza."

"Sheria haiulizi ni mali ya nani. Inauliza mambo mawili: kilikuwa mikononi mwa nani, na huyo mtu alijua? Wewe yote mawili umewajibu bure. Na kwa kuwa vimefungwa kimoja kimoja, watasema vya kuuza."

"Sikujua ni unga wa aina gani."

"Umetia sahihi kwamba kila kitu unakijua." Akavaa tena miwani. "Hii namba sabini na tatu ni ya nani? Una daftari?"

Daftari lilikuwepo. Askari hawakuligusa, maana halikufanana na simu. Lakini mzee alishalifungua nyumbani, akaona jina. Desturi yake ilikuwa kuandika jina la aliyeleta nguo, si la mvaaji. Na sabini na tatu, suruali ya kijivu, ililetwa na Mama Pacha, binti yake wa pekee. Suruali ya mumewe.

"Tuseme aliyeleta nguo ni mke tu," akauliza polepole, "na hajui lolote?"

"Alizibeba yeye. Ataanzia mahabusu, hayo ya kutojua atayaeleza baadaye. Na mume akikana, mzigo unabaki kwake."

Mzee akasema daftari limepotea.

Kabla ya kesi alimfuata mkwe wake kazini, akamvuta pembeni. Hakupiga kelele. Alimwambia tu kwamba anajua. Mkwe akamtazama kwa upole ambao ungekutia kichefuchefu.

"Baba, mambo ya dukani kwako mimi nitayajulia wapi?"

Akamshika na mkono kumvusha barabara.

Kumwambia binti? Alilifikiria hilo mpaka kichwa kikamuuma. Binti alikuwa na mdomo wa baba yake. Angekwenda kituoni mwenyewe kusema kweli, akatie sahihi. Kama kujua ndiko kunakomfunga mtu, basi heri asijue. Asubuhi yake akachochea mkaa kwenye pasi, akalichana lile daftari, akailisha pasi ukurasa mmoja mmoja, kisha akanyoosha shati atakalovaa mahakamani. Lilinyooka vizuri sana.

Hakimu alimpa miaka saba. Mtaani hawakuchukua hata siku saba kumbadilisha jina: wakamwita Mzee Unga. Waliowahi kurudishiwa pete zao ndio walicheka zaidi, na mimi sijawasamehe.

Binti alikuja kumwona mara moja tu, mwaka wa pili. Alikaa ng'ambo ya wavu, mkoba mapajani kama mtu aliyepita njia.

"Baba, watoto shuleni wanataniwa kwa ajili yako. Mume wangu amenikataza kuja. Anasema hata yeye umemchafulia jina."

Mzee akasogea karibu na wavu.

"Nguo zake siku hizi anafua nani?"

"Mimi. Ningemwachia nani, na duka umelifunga?"

"Ukifua, geuza mifuko kwanza."

"Mpaka leo bado mawazo yako yako kwenye udobi, Baba?" Alishasimama.

"Geuza mifuko. Na ukikuta kitu, mwanangu, usikitunze. Usimwekee mtu. Kitupe chooni, unawe mikono, unyamaze."

Binti akabaki amesimama, mkono kwenye kiti. Kisha akakaa tena.

"Baba," akasema, "ile suruali ya kijivu."

Askari magereza akagonga meza kwa rungu, akasema muda umekwisha.