Milango ya Mabafu ya Cwm Hesgen

Sentensi iliyonikera ilikuwa katika ukurasa wa kumi na moja wa ripoti: "Ndani ya jengo hakuna tena kitu chenye thamani ya kihistoria." Iliandikwa na mtaalamu aliyeajiriwa na kampuni inayomiliki mabafu ya mgodi wetu wa makaa, jengo ambamo wachimbaji waliogea baada ya kazi, mtu aliyezunguka humo kwa dakika arobaini. Kampuni hiyo ilikuwa imeiacha mifereji ya paa izibe kwa majani miaka tisa mfululizo, kisha ikashangaa kuona dari linavuja. Sasa ilikuwa imeiomba serikali iliondoe jengo katika orodha ya majengo yanayolindwa na sheria. Likishatoka katika orodha, tingatinga lingelimaliza kwa asubuhi moja, na mahali pake zingesimama nyumba ambazo hakuna kijana wa kijiji chetu cha Cwm Hesgen ambaye angeweza kuzinunua.

Aliyelizuia hilo ni Tegwen Prosser. Ninaandika habari zake kwa sababu magazeti yalipolieleza jambo hili yaliwasifu wasanifu wa zamani, paa lao bapa na madirisha yao mapana, na yeye yakamwita "mkazi mmoja wa kike".

Mkazi huyo alizaliwa katika safu ya juu kabisa ya nyumba za wachimbaji. Baba yake na kaka zake wawili walirudi kila siku weusi kwa vumbi la makaa, na mama yake alichemsha maji, akayabeba, akayamimina katika karai la bati mbele ya moto, mwanamume mmoja baada ya mwingine, kisha akayabeba tena kuyamwaga nje. Tegwen alikuwa na miaka mitano mama yake alipoteleza na sufuria ya maji yanayochemka. Mimba iliharibika, na mkono wa kushoto haukunyooka tena. Yalipopigiwa kura mapendekezo ya kujenga mabafu mgodini, wanaume walikataa. Walisema watapata mafua. Walisema kuosha mgongo kila siku kunalegeza uti wa mgongo. Wanawake, mama yake akiwemo, ndio waliopita mlango kwa mlango mwaka mzima hadi kura ikarudiwa, ikapita. Katika maelezo rasmi ya jengo, yale yanayohifadhiwa serikalini, hakuna neno hata moja kuwahusu. Kuna aya mbili kuhusu madirisha.

Alipofika miaka kumi na saba Tegwen aliajiriwa hapohapo mabafuni, kwanza kumimina chai dirishani, baadaye kusafisha. Alilijua jengo kama mtu anavyojua nyumba ya mama yake. Upande mmoja ulikuwa wa makabati safi, ambako mwanamume aliacha nguo zake za nyumbani. Upande wa pili ulikuwa wa makabati machafu, ambako zilining'inia nguo za shimoni. Katikati yalikuwa mabafu. Kila mtu alikuwa na namba moja kwa pande zote mbili, na namba yako ndiyo iliyoamua jirani yako, na jirani yako ndiye aliyekusugua mgongo kwa miaka yote ya kazi. Watu walichagua wasimamizi wa harusi kwa namba hizo.

Ripoti ile niliisoma kwa sauti katika chumba cha nyuma cha kanisa, mbele ya watu kama sitini. Nilipofika pale panaposema kwamba milango ya makabati ilipotea kwa wizi wa watu wasiojulikana, nilitazamia hasira. Badala yake watu waliangalia viatu vyao. Mtu mmoja alikohoa. Kisha Tegwen akasimama, akiwa bado na kitambaa cha kufutia vikombe mkononi, akasema kwamba watu hao wanajulikana sana, na wengi wao wamekaa hapa.

Ndipo nilipopata habari ambayo watu wa mtaa wangu mwenyewe walinificha kwa zaidi ya miaka thelathini, mimi ambaye nilikuwa nimeandika barua lukuki kuwalaani wezi wa kutoka nje. Siku mgodi ulipofungwa, kila mwanamume alikuja na bisibisi, akafungua mlango wa kabati lake, akaubeba kwapani hadi nyumbani. Hawakuuona kuwa wizi. Waliona wanaondoka na namba zao. Milango hiyo ya chuma ikageuka vizuizi vya bustani, mifuniko ya mapipa, mabanda ya kuku na ya njiwa. Kwa kulipenda jengo lao walikuwa wamemwandikia adui sentensi ile ya ukurasa wa kumi na moja.

Mkaguzi wa serikali alikuwa aje baada ya wiki tatu, siku ya Jumanne. Asubuhi iliyofuata Tegwen alipanda mlimani kwenye vishamba vya mboga, kwa Elfed Rosser, ambaye hakuna anayemwita kwa jina hilo. Sisi husema Elfed Njiwa. Banda lake lilikuwa limeundwa kwa milango arobaini na miwili, mingine aliyorithi kwa marafiki waliokufa. Niliongozana na Tegwen kwa sababu alitaka mtu wa kueleza sheria. Sikupewa nafasi.

"Tegi, mwenzangu, hii sasa ni milango ya njiwa," alisema Elfed. "Nyuma ya namba mia tatu na kumi kuna mama kakalia mayai. Nimwambie nini, ahame?"

"Mwambie serikali inakuja."

"Serikali ikija inakuja na pingu. Milango arobaini na miwili, kila mmoja kosa lake. Nitatoka jela nina miaka mia na ishirini, na njiwa wote wameshaolewa."

Tegwen alimweleza, na alieleza vizuri, kwamba sheria haimgusi, kwa kuwa milango ilitolewa miaka minne kabla jengo halijaingizwa katika orodha. Elfed alimsikiliza huku akikwangua kinyesi cha njiwa ubaoni. Halafu akamuuliza kwa upole, bila kumtazama:

"Na vigae vya jikoni kwako, dada? Mumeo Hedley alivibandua lini?"

Elfed akaendelea kukwangua. Alisema hana nia mbaya, lakini mtu asafishe jiko lake kwanza ndipo aje kusafisha banda la mwenzake.

Tulishuka hadi nyumbani kwa Tegwen. Alinikaribisha ndani, akanitengea chai na vikeki vya zabibu vilivyookwa juu ya bamba la chuma, na ndipo nikavitazama kwa mara ya kwanza vigae nilivyokuwa nikiviona kwa miaka mingi: vya kijani na vya rangi ya maziwa, vimepangwa kutoka sinki hadi mlangoni. Alikuwa amevisugua kwa miaka zaidi ya ishirini katika ukumbi wa mabafu. Mgodi ulipofungwa alivililia kuliko alivyolilia mshahara. Mumewe, Hedley, ambaye mapafu yake yalikuwa yameshaanza kuisha, alikwenda na toroli na patasi Jumapili moja wakati watu wote wako kanisani, akamletea. Lakini hiyo ilikuwa miaka mitatu baada ya jengo kuorodheshwa, si kabla. Hedley alifariki kipindi cha baridi kilichofuata. Hakuwahi kutengeneza kitu kingine baada ya jiko lile.

"Wewe umesoma," aliniambia. "Niambie bila kunipaka mafuta. Wanaweza kunifunga?"

Nilimwambia ukweli: kosa la namna hiyo halichakai kwa kupita miaka. Aliyebandua alikuwa marehemu, lakini Tegwen ndiye aliyeipokea toroli akijua ilichobeba. Wanaweza kumshtaki, ingawa ni nadra.

"Nadra si kamwe."

"Hapana," nilikubali. "Si kamwe."

Alikunywa chai yake yote. Kisha akasema kwamba asipovitaja vigae hivyo, hakuna mtu mlima mzima atakayeuleta mlango wake, kwa maana kila mmoja anajua alichonacho mwenziwe na kila mmoja anangoja mwenziwe aanze. Mficha uchi hazai. Na sisi tulikuwa tumeficha uchi wetu mpaka tukakaribia kulizika jengo zima. Aliomba karatasi. Nilitaka kumsaidia kuipamba lugha, akanizuia.

Siku ya Jumatano tangazo lilikuwa limebandikwa katika dirisha la bucha, mahali ambapo hakuna asiyepita. Lilisema: "Mimi Tegwen Prosser nina vigae vya mabafu jikoni kwangu. Vilitolewa baada ya sheria, nami nilijua. Nitamwonyesha mkaguzi Jumanne ya tarehe kumi na tisa. Mwenye mlango na aulete. Akiogopa, auache nje ya ukumbi wa mabafu, sitauliza ni wa nani. Nitajua tu, maana namba zenu ninazo kichwani."

Kwa siku mbili haikutokea dalili yoyote. Binti yake alipiga simu kutoka Bristol akilia, akamtaka akaling'oe tangazo. Ijumaa asubuhi, mlinzi wa kampuni alikuta milango saba imeegemezwa ukutani katika mvua. Jumamosi ikawa sitini. Ililetwa kwa matoroli, kwa viti vya watoto vya kusukuma, na mmoja uliletwa juu ya paa la gari la mazishi, kwa kuwa mwenye gari hilo naye alikuwa mtoto wa mchimbaji. Bibi mmoja alileta wa mumewe ukiwa umepakwa rangi ya waridi na kuchorwa maua. Aliomba radhi kwa ajili ya maua. Elfed alifika wa mwisho, jioni ya Jumatatu ya kuamkia siku ya mkaguzi, na milango thelathini. Kumi na miwili aliibakiza, akasema mama wa watoto hahamishwi akiwa amekalia mayai, na kama mkaguzi ana moyo wa jiwe apande mwenyewe akamfukuze.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mrefu kutoka Cardiff, jina lake Mared Gittins, asiyesema sana. Alikuta milango mia moja themanini na sita imepangwa kwa namba, upande safi na upande mchafu, kila mmoja mbele ya kabati tupu lililokuwa lake. Mwanasheria wa kampuni alisema kwamba rundo la vyuma vikuukuu si jengo. Alisema pia kwamba hakuna uthibitisho kuwa mlango wowote ulitoka mahali ulipowekwa.

Mkaguzi akauliza nani ameipanga. Watu wakamwonyesha Tegwen.

"Namba nyingi zimefutika. Umejuaje mahali pa kila mmoja, mama?"

"Mia na nne alikuwa Ivor, aligonga mlango wake kwa buti kila Ijumaa, ona hapo chini palivyobonyea. Mia na tano aliweka picha ya farasi, gundi ipo bado. Mia na sita alikuwa mume wangu. Huo nimeuleta mimi, ulikuwa kichwani mwa kitanda chetu." Akapumua. "Na kuna jambo jingine. Naomba twende kwangu."

Mwanasheria alikuja nyuma yetu na kalamu yake wazi. Katika jiko lile dogo tulisimama bega kwa bega, na Tegwen akasema alichotaka kusema kwa sentensi tatu, mwaka, siku na toroli, bila kumlaumu marehemu. Mkaguzi alipitisha kidole kwenye maungio ya vigae. Alichuchumaa kutazama vya chini. Mwanasheria akataka iandikwe kwamba mtetezi mkuu wa jengo amekiri kosa la jinai.

"Imeandikwa," alisema mkaguzi. Halafu akamgeukia Tegwen. "Kuna hata kimoja kilichovunjika?"

"Viwili. Hedley aliumia moyo sana."

"Basi usiviguse. Usikwangue, usijaribu kubandua. Ukivibandua kwa upendo utavivunja vyote."

Hatukuelewa kama hilo lilikuwa karipio au la. Tulingoja wiki kumi na moja, na sijawahi kuona mtu akingoja kwa utulivu unaoumiza kama ule. Tegwen alipanga nguo za majuma mawili katika sanduku dogo na kuliweka nyuma ya mlango. Nilipomcheka alisema polisi huja bila taarifa.

Barua zilikuja mbili, siku moja. Ya kwanza, ya serikali, ilisema jengo linabaki katika orodha, na kwamba maelezo yake yataongezwa: milango iliyorudishwa, vigae, na jinsi wanawake wa Cwm Hesgen walivyoyadai mabafu hayo. Kampuni ilipewa amri ya kuzibua mifereji na kuziba paa. Barua ya pili ilikuwa ya halmashauri, na ilikuwa kali. Ilimwonya Tegwen, ikasema hatashtakiwa, ikaamuru vigae virudishwe ukutani mwa mabafu ndani ya miezi kumi na miwili kwa mkono wa fundi aliyeidhinishwa. Alinipa nimsomee mara mbili.

"Kwa hiyo sasa mimi ni mhalifu niliyeonywa," alisema.

"Ndiyo."

"Mama angefurahi."

Fundi alikuja mwezi Septemba, akavitoa vigae kimoja kimoja kwa siku nne na kuacha ukuta wa jiko ukiwa uchi wenye makovu. Tegwen hakubaki nyumbani kuuombolezea. Aliweka kiti katika ukumbi wa mabafu, chini ya kipande cha paa kilichokwisha kuzibwa, akamtazama fundi anavyoanza safu ya kwanza. Fundi alikuwa na picha kubwa kutoka katika hifadhi ya nyaraka, naye alikuwa akibandika vigae vya rangi ya maziwa chini, ili vya kijani vije juu, kama picha ilivyoonyesha.

"Kijani kinakaa chini, baba," Tegwen alimwambia.

Fundi alimwonyesha picha. Tegwen akasema picha ilipigwa siku ya ufunguzi, kabla mtu yeyote hajaoga humo. Mwaka uliofuata wanawake wa usafi waliomba safu zibadilishwe, kwa sababu vumbi la makaa hukaa chini na rangi ya maziwa huonyesha kila doa, na wakakubaliwa. Hakuna aliyeliandika hilo popote. Fundi alinitazama mimi, kana kwamba nina karatasi ya kuthibitisha. Sikuwa nayo. Akachukua patasi yake, akaanza kuibandua safu ya kwanza kabla saruji yake ya chokaa haijakauka.