Kaseti ya Baruti na ng'ombe ambazo hakuiba

Mpaka sasa akili inakataa. Jana tumemzika Marwa kwao Mugeta, leo asubuhi nimepita pale kibarazani alipokuwa anashonea nikajikuta nataka kumsalimia.

Mimi sio mtu wa kuandika. Shule niliishia darasa la nne, na mbele za watu maneno yananikimbiaga. Mnisamehe nikikosea.

Wengi mnamjua kama fundi cherehani wa Musoma mjini. Wa umri wetu mnamkumbuka kama Baruti, gangsta wa kwanza mimi kumwona kwa macho.

Ilikuwa miaka ile redio za watu binafsi zimeanza, mitumba imejaa sokoni, kila kijana anataka suruali pana. Yeye anazishona, mimi pembeni napiga pasi ya mkaa. Akikanyaga cherehani anarap kwa mdundo wa miguu yake.

Alikuwa na kundi la rap na wenzake; lilipovunjika akaenda studio Mwanza peke yake. Akarudi na albamu yake ya kwanza ya solo, kaseti. Kwenye kava amekunja sura, amevaa miwani nyeusi ya kuazima. Mama aliyekuwa anauza chai jirani yetu akaiangalia, akamuuliza, "Nani kakuudhi hivyo, mwanangu?"

Bunda waliipigaga mpaka utepe unalegea.

Wimbo uliopendwa ni ule anaosema amechukua ng'ombe za watu, amevuka nazo mto, na hakuna wa kumfuata. Sasa kaseti ikafika mnadani Mugeta wiki ile ile zizi la mjane mmoja limevunjwa, ng'ombe zimebebwa zote.

Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakatuma ujumbe: aje ajieleze, asipokuja mama yake anatengwa. Kwa msio wa huku, kutengwa ni hakuna wa kukusalimia, kisimani huchoti, na ukifiwa unazika mwenyewe.

Mashabiki wake wa Bunda wakamwambia, "Usiende, broo. Ukienda kukana, Baruti amekufa."

Akakunja kitambaa alichokuwa anashona. Akaniambia, "Twende."

Mkutano ulikuwa mbele ya ghala la pamba. Wakaipiga kaseti kwenye redio. Kamanda wa sungusungu akauliza:

"Hii sauti yako?"

"Yangu, baba."

"Ng'ombe ziko wapi?"

"Hakuna ng'ombe. Ni wimbo tu."

"Wimbo tu? Hapa kwetu, enzi za babu zetu, mtu akiimba ametwaa ng'ombe, ukienda zizini kwake unazikuta. Wewe unajisifia zipi?"

Hapo nikamwona Marwa anaangalia kule walikokaa wanawake. Mama yake alikuwa peke yake, wenzake wameacha nafasi pande zote.

Na nyuma kabisa walisimama wale vijana wa Bunda, na suruali zao alizowashonea yeye.

Akavua ile miwani nyeusi, alikuja ameivaa. "Mimi nashona sare za shule. Yote niliyoimba nimetunga. Sijawahi kuiba hata kuku."

"Sema wa nyuma wasikie."

Akarudia, kwa sauti.

Kijana mmoja akasema, "Kumbe fundi tu," wakacheka, wakaondoka. Kamanda hakucheka. Akazima redio, akamwambia, "Basi nenda kashone."

Yule mjane aliyeibiwa akanyanyuka. Akaenda akakaa pembeni ya mama Marwa, bega kwa bega. Wengine wakasogea.

Baada ya siku ile hakupata show tena. Kaseti zake watu wakazifuta kwa kurekodi nyimbo za wengine. Miaka mingi ilipita ndio nikapata moyo wa kumuuliza, "Ile albamu inakuumaga?"

"Inaniuma sana," akasema, akaendelea kukanyaga cherehani.

Jana Mugeta nilisimama pembeni kama kawaida yangu, nikawa naangalia. Vijana wa pale walichimba kaburi bila kuombwa. Wanawake walikuja na ndoo za maji, wengine na kuni kichwani, mpaka uwanja ukajaa na bado wanakuja.

Kaka yangu Marwa, nilitaka tu ujue hilo. Watu walikuja.

Lala vizuri, Baruti.