Jiwe la Baba

Leo wanamwaga lami barabarani, na harufu yake imenirudisha Port Bell, kwenye mashua ambayo baba, seremala wa gati, aliziba nyufa zake kwa lami ili itufikishe Kenya, ng'ambo ya ziwa. Wanajeshi walikuwa wameshawachukua mafundi wenzake wawili.

Kwanza alitupeleka sokoni Nakivubo, akatupima kwenye mizani ya mihogo. Kisha akatafuta mawe yenye uzito wetu: la mama, la dada, langu, lake. Wiki nzima alimfundisha mama kukaza tanga na kushika usukani, mawe yakiwa yamekaa mahali petu.

Siku yenyewe tuliondoka mchana, askari wakiwa wanakula. Baba alitoa jiwe la mama, mama akakaa. Akatoa la dada, kisha langu. Mbao zilikuwa za moto. Hizo nazikumbuka, uso wa baba siukumbuki.

“Baba, lako bado,” nikasema.

“Wacha hiyo ikae. Bila hiyo boti italala upande. Na mimi nisipoonekana kazini saa nane, watawafuata.”

Akatusukuma. Mama alitazama tanga, kama alivyofundishwa. Mimi nililishika lile jiwe lisiteleze.