Mtani Wangu wa Pangoni

Usiniite mwongo kabla hujanisikiliza. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, tena mchana kweupe, ingawa ndani ya pango mchana na usiku ni kitu kimoja.

Naishi Mafiga, kazi yangu ni kuongoza wageni. Upande wa Matombo kuna pango ambalo mto unapita ndani yake. Limo kwenye hifadhi, na kwa muda mrefu hakuna aliyeruhusiwa kuingiza boti. Nikapewa kibali, kwa sharti kwamba nikapime njia kwanza, maana mgeni akifia humo hakuna atakayenisamehe. Nikaenda na Deo, askari wa msitu. Yeye akabaki mlangoni ameshika kamba ya boti yangu ya mpira, mimi nikapiga kasia.

Ndani, mto uligawanyika. Nikiwa najiuliza nishike upande upi, tochi ikammulika mama mmoja ameketi kwenye jiwe, miguu majini. Wewe ungefanyaje? Mimi nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wa ukoo gani wewe?"

Nikamtajia ukoo wa mama yangu. Akacheka mpaka pango likaitika.

"Kumbe mtani wangu! Lete hiyo kofia." Akaninyang'anya.

Sisi Waluguru tuna koo zinazotaniana. Mtani akichukua chako hununi, na siku ukifa yeye ndiye anayekuchimbia kaburi huku anakukejeli. Basi hofu ikaniisha, nikabaki na udadisi tu. Nikamuuliza boti ipite wapi.

"Kulia. Kushoto ndiko ninakolala mimi."

"Acha mbwembwe, mama. Siku ukifa nitakuzika mwenyewe, na ubwabwa wa matanga nitaumaliza peke yangu!"

Akaacha kucheka. "Umeahidi, mtani?"

"Nimeahidi."

Akasimama, akaingia kushoto. Niamini, kanga yake ilikuwa kavu kabisa, wakati mimi nilikuwa nimelowa hadi kope.

Nilipotoka, Deo akaniuliza, "Ulikuwa unacheka na nani?"

Nilipomweleza, akakaa chini. Akasema yeye akiwa mdogo, wakati wa masika, mama mmoja wa kijijini alichukuliwa na maji akivuka, mto ukamwingiza pangoni. Hakuonekana tena. Nduguze wamekaa miaka yote hiyo bila kaburi la kulilia.

"Sasa utafanyaje?"

"Si nimeahidi, Deo?"

Tulirudi na ndugu za yule mama, tukafunga kamba viunoni, tukaingia kushoto. Mkondo wa huko unavuta, nakwambia. Boti ya wageni isingetoka. Mwisho wake kuna mchanga, na juu ya mchanga palikuwa na mifupa. Kofia yangu ilikuwa juu yake, kavu.

Kaburi nililichimba mimi, nikimsema kwa uvivu wa kulala muda wote huo, huku machozi yananitoka. Ubwabwa haukupita kooni. Kofia nilimwachia.

Siku hizi napeleka wageni, tunashika kulia, na hakuna aliyewahi kuumia. Lakini kila safari, tukitoka nje, mmoja wao hana kofia. Huniuliza imeangukia wapi. Mimi najifanya nakagua boti.

Ukija, ya kwako iache kwenye gari. Na mtu akikuita mtani gizani, muulize kwanza kama bado yu hai, ndipo umwahidi kumzika.