Perege wa uani kwetu Mtua walivyokufa, na jirani aliyesingiziwa utupa

Wakuu, habari za humu.

Nimesoma nyuzi za vijana mnaofuga perege kwenye vibwawa vya uani. Kila mmoja analia samaki wanakufa, na kila mmoja ameshampata mkosaji. Kwa huyu ni chakula, kwa yule ni jua, mwingine anamtaja jirani kabisa.

Hilo la jirani ndilo lililonifanya niandike. Yangu ni ya zamani, miaka ya hamsini, Nachingwea. Nilikuwepo, na samaki niliwashika kwa mikono yangu. Nisipokuwa na uhakika na jambo nitasema sina uhakika.

Umri wangu pigeni hesabu wenyewe. Ugonjwa wa kuuliza maswali haujapona hadi leo.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Mtua kutoka chuo kikuu, Uganda, nasubiri kupangiwa kazi. Nilisoma sayansi. Kijana wa namna hiyo hana shughuli kijijini. Jembe wanaona haya kukupa, na mazungumzo unayaharibu. Mtu akisema mvua imechelewa kwa sababu fulani, mimi nauliza amejuaje. Baba yangu, Mzee Hamisi, alikuwa akiniita "Bwana Kwa Nini".

Baba alikuwa na bwawa.

Enzi zile watu walihimizwa kuchimba mabwawa ya samaki. Yale mashamba makubwa ya karanga yalikuwa yameshafifia, matrekta yamesimama yanaota kutu, na vibarua waliobaki walishika kazi yoyote. Baba aliwapa kazi wachache wakamchimbia bwawa nyuma ya nyumba, penye unyevunyevu. Lilikuwa dogo, ungeweza kutupa kokoto likavuka bila kujitahidi. Upande wa juu mfereji uliingiza maji kutoka kijitoni, upande wa chini kulikuwa na kona yenye kivuli cha mkorosho. Bwana samaki akaleta vifaranga vya perege ndani ya debe, juu ya lori, maji yanamwagika njia nzima.

Baba alilipenda bwawa lile kuliko mikorosho yake yote. Akitoka kuswali alfajiri anapitia pale na pumba mkononi, samaki wanakuja juu, yeye anacheka peke yake. Watu walitoka hadi Mandawa kuja kuona samaki wanaofugwa kama kuku.

Kiangazi kikaingia. Kijito kikakauka, mfereji ukabaki vumbi.

Ndipo asubuhi moja tukakuta perege wanaelea. Si wote. Wachache wamekufa, wengine wako juu ya maji midomo wazi, wanahema. Kesho yake tena. Keshokutwa tena.

Sasa jirani.

Jirani yetu aliitwa Anastasi, Mmakonde aliyevuka Ruvuma kuja kufanya kazi kwenye karanga. Kazi ilipokwisha hakurudi. Jumbe wetu akampa kipande cha ardhi kilichopakana na chetu. Akapanda muhogo na mikorosho michanga, akajenga, mkewe akajifungua hapohapo. Na kando ya nyumba yake akapanda utupa.

Kwa msioujua, utupa ni mmea ambao majani yake yakipondwa na kutiwa kwenye dimbwi, samaki wanalewa na kuelea, watu wanaokota. Huko kwetu ni uvuvi wa kawaida wa kiangazi, mabonde yanapobaki na madimbwi. Anastasi alikuwa hodari wa kazi hiyo na hakuificha.

Kwa hiyo kesi ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza. Samaki wanaelea, jirani ana utupa, tena ni mgeni. Baba akapeleka malalamiko kwa jumbe. Jumbe akasema baraza ni Ijumaa, watu wakitoka msikitini, na maneno yakithibitika Anastasi atafute pa kwenda. Maana yake aache muhogo ardhini, aache mikorosho ambayo haijamzalia hata korosho moja, amchukue mkewe mwenye kichanga.

Nikamwendea baba.

"Baba, ulimwona akitia?"

"Nimeona utupa."

"Utupa uko kwake, samaki wako kwako. Hapo katikati umeona nini?"

"Hapo katikati nimekuona wewe," akasema. "Nimekusomesha, sasa unamtetea anayeniulia samaki."

Sikuwa namtetea, wakuu. Anastasi hakuwa rafiki yangu, tulikuwa tunasalimiana tu. Sikupenda jinsi jibu lilivyopatikana haraka.

Mimi nilikuwa na theory yangu: pumba. Maji yamepungua, jua kali, na baba anaendelea kumwaga pumba kama maji yamejaa. Pumba isiyoliwa inaoza chini, na kuoza kunakula hewa iliyomo majini. Ndiyo maana samaki wanahema alfajiri. Hii ni kweli hadi leo, vijana. Ukiona wanahema juu ya maji kabla jua halijapanda, acha kulisha kwanza, maswali baadaye.

Baba akakubali kwa shingo upande. Tukaacha pumba.

Wakaendelea kufa.

"Sasa wanakufa na njaa juu yake," baba akasema.

Nikaanza kukaa pale bwawani na kuangalia tu. Nikagundua kitu ambacho ningekiona mapema kama nisingekuwa na theory kichwani. Waliokufa walikuwa wanapatikana zaidi kona ya chini, kwenye kivuli cha mkorosho. Waliokuwa wamejibana juu, karibu na mfereji mkavu, walikuwa na nafuu. Nikajiuliza, mtu anayetia utupa kwenye bwawa dogo kama lile anaacha upande mmoja kwa nini?

Nikaenda kwa Anastasi. Nilimkuta anachonga mpini.

"Kaka Anastasi, naomba majani machache ya utupa."

Akaniangalia, akarudi kwenye mpini wake. "Bwana mdogo, unataka nikupe kamba ya kunifungia?"

"Nataka kuona samaki wa utupa anakufaje."

"Anakufa vizuri tu."

Mkewe akacheka kule ndani, kicheko cha mtu asiye na furaha. Kisha akasema kwa sauti tusikie wote, "Mpe. Wameshasema tumetia. Usipompa watasema umeficha."

Akanipa.

Nikapanga madebe matatu uani. La kwanza maji ya kisima matupu. La pili maji ya kisima na utupa uliopondwa. La tatu maji niliyoyateka kwenye ile kona ya mkorosho. Kila debe nikatia perege mmoja mzima kutoka upande wa juu. Mama akapita na sufuria yake, akaniuliza kama ndicho nilichokwenda kusomea Uganda.

Wa utupa alichachamaa. Alizunguka akijigonga kwenye bati kwa kishindo, akapinduka tumbo juu, kimya. Ilikuwa haraka.

Wa kona hakufanya fujo hata kidogo. Alipanda juu polepole, akahema, akahema, akaanza kulala ubavu. Ugali haujaiva, naye ameshakwisha.

Wa kisima aliendelea kuogelea, nikamrudisha.

Hiyo haikuthibitisha mengi, samaki mmoja mmoja ni ushahidi mwembamba, najua. Lakini iliniambia mambo mawili. Maji ya kona yana kitu, na anayeuliwa na kitu hicho hafi kama wa utupa.

Nikachukua fimbo ndefu nikaenda kuchokora kona ile. Fimbo ikagusa kitu laini. Nikavuta. Likatoka tenga, limefungwa kwa kamba ya magome na kugandamizwa kwa jiwe, limejaa vipande vyeupe vinavyoteleza na kunuka. Halafu la pili. Halafu la tatu.

Nyuma yangu nikasikia mtu anapiga kelele.

"Rudisha hapohapo! Bado haujalainika!"

Alikuwa Shangazi Somoe, dada mkubwa wa baba. Alikuwa ameolewa Nandagala, upande wa Ruangwa. Mumewe alipofariki akarudi kuishi kwetu, na unga wote wa nyumba ile ulikuwa chini ya mkono wake.

"Shangazi, unaloweka muhogo humu tangu lini?"

"Tangu kijito kikauke. Ulitaka niuloweke kwenye kikombe?"

Muhogo mchungu, wakuu, huwezi kuula hivihivi. Una sumu. Unaumenya, unauloweka siku kadhaa mpaka ulainike na uvunde, sumu inatoka, unauanika, unautwanga. Shangazi aliufanya hivyo maisha yake yote, kwenye kijito. Kijito kinachukua uchafu kinapeleka huko chini. Kiangazi kile kijito hakikuwepo, na nyuma ya nyumba ya kaka yake kulikuwa na maji mengi yamelala bure, tena yana kivuli. Mwanamke mwenye akili angefanya nini?

"Baba anajua?"

"Baba yako anaujua ugali. Unga unatoka wapi, aliniuliza lini?" Nikamweleza la debe la tatu; akanisikiliza, kisha akayarudisha matenga majini mwenyewe.

Nikakumbuka kwamba mwezi mzima ule baba alikuwa akisifia ugali. Anamega, anasema ni mweupe, mlaini, halafu kabla hajameza anaanza kumlaani Anastasi.

Na hapa niwaambie. Wanawake wote wa nyumba ile walijua kuhusu matenga. Mama alijua. Hawakuficha. Wanaume walishakaa vikao visivyohesabika kuhusu bwawa lile, wakamhoji kila mtu mpaka wapita njia. Hakuna aliyemuuliza mwanamke hata mmoja.

Nilimwambia baba siku hiyohiyo. Akaenda bwawani kujionea mwenyewe. Kisha akasema, "Usimwambie mtu. Ngoja nifikiri." Nilielewa anachofikiri. Ama amwaibishe dada yake mbele ya watu, ama amwache jirani aende. Alifikiri mpaka Ijumaa, na Ijumaa asubuhi bado hakuwa amesema neno.

Watu wakakusanyika kwa jumbe. Anastasi alikaa peke yake pembeni, kofia mkononi. Jumbe akamwambia baba aeleze malalamiko yake. Baba akasimama, akakohoa, akafungua mdomo.

Kabla hajatoa neno, Shangazi Somoe akapita katikati ya wanaume na tenga kichwani. Maji yalikuwa yanamchuruzikia mgongoni. Akalitua mbele ya jumbe, harufu ikawafikia mpaka waliokaa nyuma.

"Utupa wenyewe ndio huu," akasema. "Mimi ndiye niliyetia. Na ninyi wote mliokuja kwa Hamisi kujadili kesi mmeula, mkaomba na nyongeza."

Jumbe akaliangalia tenga. Halafu akacheka, na jumbe akicheka baraza lote linacheka. Anastasi hakucheka.

Baba alikuwa bado amesimama. Akamgeukia Anastasi. "Jirani, nilisema nimeona utupa. Sikuona kitu."

Akakaa. Mtu mwenye kiburi kama baba yangu, hilo lilikuwa kubwa.

Baraza likaisha. Tukatoa matenga, tukachota maji ya kona kwa ndoo na kuyamwaga mbali shambani, tukaongeza ya kisima kila jioni. Hawakuacha kufa papo hapo. Walipungua, kisha wakaacha. Tukachimba shimo la kulowekea chini kabisa, mbali na bwawa, na Shangazi akalilalamikia shimo hilo mpaka mvua ziliporudi, kwamba linanuka.

Mpaka hapo ningeweza kufunga uzi. Samaki wamepona, mtu hakufukuzwa, sayansi imeshinda, kijana wa chuo anatembea kifua mbele.

Siku chache baadaye nikapita kwa Anastasi. Nilimkuta anang'oa utupa wake. Wote, mpaka mizizi, anaurundika aupige moto.

"Kaka, mbona unang'oa? Si umeshasafishwa?"

Hakusimamisha kazi. "Nimesafishwa."

"Sasa?"

"Kiangazi kijacho wakifa tena, wewe utakuwepo hapa na madebe yako?"

Sikuwepo. Nilikuwa nimeshapangiwa kazi mbali.

Kwa wenye vibwawa, haya ndiyo niliyobaki nayo. Maji yaliyosimama hayasamehe kama yanayotembea. Chochote mlichozoea kufanya mtoni, kuloweka, kuosha vyombo, kufua kwa sabuni, msikihamishie bwawani. Angalieni samaki wanafia upande gani kabla hamjaangalia jirani yuko upande gani. Na ulizeni kila mtu wa nyumbani, hasa wale mnaodhani hawahusiki na samaki.

Kuna jambo sijalimaliza mpaka leo. Sijui kilichowaua ni ile sumu ya muhogo yenyewe, au ni kuoza kwake kulikomaliza hewa majini. Debe langu la tatu halikuweza kutenganisha hayo mawili. Mwenye utaalamu na ashushe maelezo hapa, nami nitambishia kidogo kwa mazoea.

Na kama kuna humu aliyewahi kusafishwa mbele za watu kwa ushahidi usio na shaka, halafu akarudi nyumbani akaung'oa utupa wake, naye aseme. Wa aina yake ndiye ninayetaka kumsikia zaidi.